Mkono Unaotetemeka Asubuhi

Saa moja asubuhi, kwenye kibanda cha supu, mzee mmoja ameshika kikombe kwa mikono miwili, na bado mchuzi unamwagika. Anakirudisha mezani, anainama, anakifuata kwa mdomo. Kisha anachomoa kichupa mfukoni na kupiga mafunda mawili. Baada ya muda mikono inatulia. Wenzake wanacheka: “Mzee kazimua!”

Wanachokicheka ni dalili ya uraibu iliyo wazi kuliko kupepesuka usiku.

Tumezoea kumtambua mlevi kwa kuyumba na kelele. Lakini aliyekunywa kwa miaka mingi huenda asiyumbe kabisa, nasi tukamsifu kwamba pombe haimwezi. Kumbe ubongo wake umeshajirekebisha. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na kuidhoofisha glutamati, inayouchangamsha. Pombe ikiingia kila siku, ubongo hujitahidi kurudisha mizani: hupunguza kuiitikia GABA na kuongeza kuiitikia glutamati. Ndiyo maana aliyelewa kwa chupa mbili sasa anahitaji tano. Usiku pombe inapungua mwilini, lakini uchangamfu ule unabaki bila wa kuuzuia. Kunakucha na mikono inayotetemeka, jasho, moyo unaokwenda mbio, kichefuchefu na hofu isiyo na sababu. Funda la kuzimua huvituliza vyote, na kesho yake huanza upya.

Mwaka 1984, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, John Ewing, alichapisha maswali manne ambayo madaktari huyatumia hadi leo. Umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza pombe? Umewahi kukerwa na watu wanaokosoa unywaji wako? Umewahi kujiona mkosaji kwa sababu ya kunywa? Umewahi kunywa mara tu ulipoamka, ili utulie au uondoe hangova? Ukijibu “ndiyo” mara mbili, una sababu ya kutosha kumwona mtaalamu. Na hilo swali la nne ndilo kuzimua kwenyewe.

Wavutaji wa unga, yaani heroini, nao wana asubuhi yao: arosto, mateso ya kuukosa. Miayo, machozi, makamasi, malaika kusimama, mifupa kuuma. Wengi wao hawaitafuti kete tena kwa ajili ya stimu, wanaikimbia arosto.

Hapa familia nyingi hukosea. Humfungia mgonjwa chumbani “mpaka aache”. Arosto ya heroini hutesa sana, ingawa yenyewe huua mara chache. Pombe ikikatwa ghafla kwa mtu aliyeizoea sana inaweza kuua: degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akachanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Huyo apelekwe hospitali, ambako hupewa dawa za kumtuliza, kama diazepam, na vitamini B1, huku akiangaliwa kwa karibu. Kwa waraibu wa heroini kuna methadoni, ambayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011.

Uraibu ni ugonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa kuchekwa wala kwa kufuli. Ukimkuta mzee yule, vuta kiti ukae karibu naye. “Shikamoo mzee. Hii mikono ilianza lini kutetemeka?” Jibu lake ndilo mtakaloanza nalo kwa daktari.