Pikipiki Ilipokufa Chile

Safari ya Ernesto Guevara na Alberto Granado katika Amerika ya Kusini mwaka 1952 ni mmoja wa mifano inayotajwa sana ya marafiki wa kiume walioondoka nyumbani kutafuta dunia wakajikuta wakijitafuta wenyewe. Guevara, Mwajentina wa miaka 23, alikuwa anamalizia masomo ya udaktari na alisumbuliwa na pumu tangu utotoni. Granado, wa miaka 29, alikuwa mtaalamu wa baiokemia aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Walifahamiana Córdoba mwanzoni mwa miaka ya 1940 kupitia mdogo wake Granado, na urafiki ukakomaa kwenye raga: Granado alikuwa kocha, akamkubali kijana ambaye kwa kifua kile wengine wangemwambia akae pembeni. Walibandikana majina, Mial na Fuser. Maneno laini hayakuwa desturi yao. Walipendana kwa utani na kubishana.

Waliondoka kwa pikipiki kuukuu ya Norton waliyoiita La Poderosa, yaani Yenye Nguvu. Sifa hiyo haikuistahili. Iliwaangusha mara kwa mara, ikaungwa kwa waya, na hatimaye ikawafia Chile. Ajabu ni kwamba hasara hiyo ndiyo iliyoifanya safari iwe na maana. Mwenye chombo hupita tu. Asiye nacho hana budi kuzungumza na watu. Wakawa wanadandia malori na kulala popote walipokaribishwa. Kutoka Valparaíso walizamia meli hadi Antofagasta, wakijificha chooni mpaka harufu ikawashinda. Gazeti moja la Temuco lilikuwa limewaandika kuwa ni mabingwa wa ukoma, nao hawakuona haya kuitumia sifa hiyo kila njaa ilipobana.

Shida za namna hiyo zilimvua kila mmoja pazia mbele ya mwenzake. Pumu ilipombana Guevara, Granado ndiye aliyemchoma sindano ya adrenalini. Mmoja alipochoka kuomba, mwingine alichukua zamu.

Karibu na mgodi wa shaba wa Chuquicamata, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kimarekani, walikutana na mchimba madini na mkewe. Mume alikuwa mkomunisti aliyewahi kufungwa, na usiku ule wa baridi ya jangwani wawili hao hawakuwa na hata blanketi. Wasafiri wakawapa moja la kwao. Nchini Peru, daktari Hugo Pesce aliwasaidia Lima na kuwaelekeza San Pablo, kijiji cha wagonjwa wa ukoma kando ya Mto Amazon. Huko walisalimiana na wagonjwa kwa mikono mitupu na kucheza nao kandanda, katika enzi ambayo wengi waliogopa hata kuwakaribia. Wagonjwa waliwajengea chelezo, nacho kikawapitiliza Leticia, mji wa Kolombia walikokuwa wakienda, hadi wakalazimika kurudi kwa mtumbwi. Leticia walifundisha timu ya kandanda wapate kuendelea hadi Bogotá.

Julai 1952 waliachana Caracas. Granado alipata kazi ya kutibu wakoma. Guevara alirudi kumaliza shahada, akipitia Miami kwa ndege iliyobeba farasi. Barabara ileile ilikuwa imewapa majibu mawili: mmoja aliona hospitali na maabara, mwingine akaanza kuona mapinduzi. Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba Guevara aliandika upya kumbukumbu zake baada ya safari. Huenda sehemu ya mageuzi yake ilifanyika mezani, kalamu ikiwa mkononi.

Mwaka 1955 Guevara alikutana Mexico na Fidel Castro, aliyekuwa akipanga mapinduzi ya Kuba, akajiunga naye. Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, akitumia jina la Kiswahili, Tatu. Novemba aliondoka ameshindwa. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967.

Granado hakujiunga na vita hivyo. Lakini rafiki yake alipomwita Kuba, alihamia huko mwaka 1961 na kushiriki kuanzisha shule ya udaktari Santiago. Alichapisha shajara yake mwenyewe ya safari ile mwaka 1978, na mwongozaji Walter Salles alipotengeneza filamu ya safari hiyo, iliyotoka mwaka 2004, mzee huyo alikuwa mshauri wake. Alifariki Havana mwaka 2011, akiwa na miaka 88.