Spika za kompyuta: usiuze namba ya kwenye boksi

Leo twende kwenye spika za kompyuta. Ni mzigo unaotoka, lakini pia ni mzigo unaorudi haraka kama hujui unachouza. Mimi nilijifunza kwa kuumia.

Nilileta spika mbili ndogo za USB, boksi limeandikwa 1000W kwa maandishi ya dhahabu. Na mimi nikaweka hivyo hivyo stetasi: "Wati 1000, moto wa kuotea mbali!" Mama mmoja mwenye saluni Picha ya Ndege akachukua kwa sh. 25,000, bodaboda akampelekea kutoka huku Tumbi. Jioni simu ikaita: "Mdogo wangu, hizi spika zako zinanong'ona. Nikiwasha draya sisikii kitu." Nikamrudishia hela yake, boda ya kwenda na ya kurudi ikawa juu yangu, boksi limeshachanwa. Ila kilichoniuma ni kwamba yule mama ndiye alikuwa ananiletea wateja wa pale kwao. Kwa miezi kadhaa sikupata hata mmoja kutoka upande ule.

Sasa tupige hesabu ambayo nilitakiwa niipige kabla ya kununua. Soketi ya USB ya kawaida, ile ya USB 2.0, kwa kiwango chake inatoa volti 5 na ampea 0.5. Zidisha: wati 2.5. Ile ya USB 3.0 ni ampea 0.9, yaani wati 4.5. Basi. Zile za Type-C zinaweza kutoa zaidi, lakini elfu moja hazigusi. Wati 1000 ni pasi ya umeme jamani! Spika ambayo umeme wake wote unatoka kwenye laptop haiwezi kuwa na nguvu ya pasi. Logitech Z120, ambayo ni spika ya USB ya kampuni kubwa, wenyewe wanaandika wati 1.2 tu, na kwa mtu aliyekaa mezani kwake inamtosha.

Ile namba kubwa inatoka wapi? Mara nyingi ni kitu kinaitwa PMPO. Ni nguvu ya kubuni ya kufumba na kufumbua, na hakuna njia moja iliyokubaliwa ya kuipima, kwa hiyo kila kiwanda kinajiandikia. Namba ya kutafuta ni ya RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuibeba muda wote muziki unapopiga. Boksi lisipoandika RMS, geuza spika usome lebo ya nyuma au ya kwenye adapta. Adapta ya volti 12 na ampea 2 ni wati 24. Kinachoingia ni 24, na kingine kinapotea kwa joto, kwa hiyo sauti ya kudumu haiwezi kufika 24. Hesabu hii inafanyika kwa kalkuleta ya simu ukiwa umesimama dukani Kariakoo, na muuzaji ataanza kukuheshimu.

Halafu usibabaike na tofauti ndogo za wati. Sikio halihesabu kama kalkuleta. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, unasikia imepanda kidogo. Ili mtu aseme "hii ina sauti mara mbili ya ile" inahitaji kama mara kumi ya wati. Kwa hiyo kati ya spika ya wati 20 na ya wati 25, usimlipishe mteja elfu kumi kwa sababu ya hizo 5. Angalia vitu vingine: ukubwa wa spika yenyewe, uzito wa boksi, na inavyosikika.

Kwenye kusikika ndipo tunapodanganyika sana. Muuzaji akiwasha spika mbili, ile yenye sauti kubwa kidogo utaiona nzuri, hata kama ni mbovu zaidi. Punguza mpaka zilingane, ndipo ulinganishe. Nenda na nyimbo zako kwenye simu na waya wa AUX, usikubali flashi ya dukani, ule wimbo wamechagua wao. Mimi natumia vitu vitatu. Bongofleva yenye besi nzito, nisikie kama besi inapiga au inavuma tu kama mtungi. Taarabu, kwa sababu ya vinanda na sauti ya mwanamke, pale spika mbovu inapiga kelele ya bati. Na taarifa ya habari. Watu wanaisahau hii, lakini kama maneno ya mtangazaji hayasikiki vizuri, mwanafunzi anayesoma kwa video atairudisha.

Kisha panda mpaka robo tatu ya sauti, sikiliza mkwaruzo. Mwisho simamisha muziki, acha sauti juu, weka sikio karibu. Ukisikia mvumo wa zzzz, huo mteja ataukuta nyumbani usiku kukiwa kimya.

Sasa ipi ina thamani ya hela? Inategemea nani anainunua. Mtaani tukisema sabufa tunamaanisha seti nzima, spika ndogo mbili na boksi la besi; kwenye boksi wanaandika 2.1. Ikiandikwa 2.0 ni spika mbili bila boksi la besi. Mwanafunzi au mtu wa stationary hahitaji zaidi ya 2.0 ya USB. Saluni au kibanda cha kurusha nyimbo kinahitaji 2.1 ya kuchomeka ukutani. Logitech Z313 kwa mfano ina wati 25 za RMS, 15 kwenye besi na 5 kila upande. Sasa kuna mteja wa tatu ambaye wengi tunamkosea: anayehariri video au kurekodi nyimbo. Huyu ukimpa sabufa umemharibia kazi, maana besi inafunika kila kitu. Yeye mpe 2.0 nzito za boksi la mbao, zenye spika mbili kila upande, kama Edifier R1280T ya wati 42. Ni ghali, na yeye anajua kwa nini.

Na mwenye kibanda umiza? Mwambie ukweli kuwa spika za kompyuta siyo size yake. Ukimuuzia utakutana naye.

Kwenye faida, bei hizi ni za mfano. Spika unazonunua 15,000 na kuuza 25,000, ukiuza nne unatarajia faida ya 40,000. Moja ikirudi, boda mara mbili 6,000, na yenyewe unaiuza kwa bei ya kununulia. Umebaki na 24,000. Seti unayonunua 45,000 na kuuza 60,000, ukiuza mbili tu zisirudi ni 30,000. Mtaji ni mkubwa zaidi, 90,000 badala ya 60,000, hilo silifichi. Lakini umehangaika na wateja wawili, siyo wanne.

Kuhusu video za kutangazia: simu haichukui besi vizuri, na mteja anasikilizia kwenye simu nyingine ambayo nayo haina besi. Ukiweka sauti mwisho, maiki ya simu inakwaruza na mteja anadhani ni spika. Weka simu kama mita moja, sauti ya katikati. Kisha piga picha ya lebo ya nyuma, ya waya zote, na ya spika pembeni ya chupa ya maji ili ukubwa uonekane.

Plagi pia ipige picha. Umeme wetu ni volti 230, na spika za mtumba kutoka Marekani nyingine ni za volti 120 pekee. Ukizichomeka moja kwa moja zinaungua hapo hapo.

Tangazo langu siku hizi linasomeka hivi: "Sabufa 2.1, wati 25 RMS, ya kuchomeka ukutani volti 230. Inatosha chumba, saluni au duka dogo. Haifai ukumbi wala kibanda umiza. Haina Bluetooth, waya wa AUX upo. Nakuwashia kwa video call kabla hujalipa. Nipo Tumbi, Kibaha."

Yule mama wa saluni alichukua hiyo. Aliomba nimuwashie kwenye video huku draya lake linanguruma.