Bukavu: Mtoto mwenye ulemavu amefika shuleni, nani atamsaidia abaki darasani?

Mjini Bukavu, jimboni Kivu Kusini, kwenda shule ni kupanda na kushuka vilima. Mvua ikinyesha, njia inakuwa utelezi kwa mtoto anayetembea kwa magongo. Na akifika shuleni safari bado haijaisha: mara nyingi kuna ngazi za kupanda, kisha benchi ambapo wenzake wamekwisha kubanana.

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyotaka. Wazazi walipumua, madarasa yakajaa. Lakini kuondoa malipo hakukuondoa ngazi.

Sheria ipo. Mwaka 2015, DRC ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 24 kinahusu masomo. Tarehe 3 Mei 2022, nchi ilipata sheria yake yenyewe ya kulinda haki hizo. Kinachobaki ni kuifikisha hadi darasani.

Hapo mwalimu na mkurugenzi wa shule wana nguvu kubwa, hata bila feza. Ikiwa darasa la tano liko ghorofani na lina mtoto asiyeweza kupanda, madarasa yabadilishane vyumba. Mtoto akae mwisho wa benchi, magongo yake yawe mahali anapoyafikia bila kuomba. Anayeandika polepole kwa sababu ya mikono aongezewe dakika, ao ajibu kwa mdomo. Mwalimu anapima akili, hapimi mwendo wa kalamu.

Jambo linalosahauliwa ni choo. Choo cha shimo kisicho na kitu cha kushika ni hatari kwa asiyeweza kuchuchumaa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa bila kunywa maji tangu asubuhi, na siku moja akaacha masomo, hasa akiwa binti. Watu watasema alishindwa na masomo, kumbe alishindwa na choo. Mti wa kushika ukutani na kiti cha mbao chenye tundu ni kazi ambayo seremala wa mtaa anaiweza, na kamati ya wazazi inaweza kuisimamia.

Wanafunzi wenzake nao wafundishwe kumwita kwa jina lake, si "kilema", na kumwuliza kabla ya kumshika ao kumbeba.

Kwa upande wa matibabu, kituo cha Heri Kwetu mjini Bukavu na Shirika la Umoja mjini Goma vinajulikana kwa kuhudumia wenye ulemavu wa viungo. Mtoto anapokua, mguu wa bandia huanza kumbana. Mwalimu akiona anachechemea kuliko zamani, awaambie wazazi mapema.

Kabla ya mwaka wa shule kuanza, mkurugenzi amwulize mtoto mwenyewe: ni nini kitakuzuia hapa? Mara nyingi jibu litakuwa dogo: benchi, mti wa kushika, chumba cha chini.