Siku za Mwanzo na Simu Janja Mpya

Siku chache baada ya kununua simu janja ndizo siku ambazo mtumiaji ana nguvu zaidi mbele ya muuzaji. Risiti haijapotea, kasha bado lipo, na muuzaji hajasahau sura yake. Lakini katika siku hizo hizo simu huwa na tabia zinazopotosha: jambo dogo linalopita lenyewe humtia mtumiaji hofu, na kasoro isiyorekebishika humpita bila kuitambua. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitofautisha.

Tuanze na betri, maana ndiyo hulalamikiwa kwanza. Simu iliyowashwa jana ina kazi nyingi zisizoonekana: inapakua masasisho, inarejesha picha na namba za watu kutoka simu ya zamani, inapanga kumbukumbu zake. Kazi hizo hula chaji na kuipasha simu joto, na kwa kawaida hukamilika baada ya siku chache. Ushauri wa kuichaji simu mpya saa nane kabla ya kuitumia, ambao wauzaji wengine bado wanautoa, ulitokana na betri za nikeli za zamani. Betri za lithiamu za leo haziuhitaji. Adui yake ni joto, hivyo isichajiwe chini ya mto wala kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikiwa baada ya wiki simu ingali inachemka bila kutumika, au betri inavimba na kuinua kioo, hiyo ni kasoro. Acha kuichaji, kisha uirudishe.

Kazi hizo hizo humaliza kifurushi. Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, fungua Mipangilio, kisha matumizi ya data, uone ni programu ipi imetumia kiasi gani. Mara nyingi ni duka la programu na hifadhi ya picha mtandaoni. Zote mbili zinaweza kuagizwa zisubiri mtandao wa waifai.

Uhalisi wa simu ni jambo jingine, kwa kuwa hilo halitengemai kwa kusubiri. Simu iliyoandikwa gigabaiti 128 haitakupa zote, kwa sababu mfumo wake huchukua sehemu, na huo si udanganyifu. Udanganyifu ni simu bandia inayoonesha 128 kwenye kioo ilhali ndani ina sehemu ndogo tu ya hizo. Mwenye nayo hugundua pale picha zake zinapokataa kufunguka.

Bonyeza *#06#. Itatokea namba tambulishi yenye tarakimu 15, na simu ya laini mbili itaonesha namba mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye kasha, kisha itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina tofauti na simu uliyoishika, rudi dukani siku hiyo hiyo ukiwa na risiti. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini Tanzania, na waliozinunua kwa nia njema walizimiwa pia. Vilevile, simu uliyouziwa kuwa ni mpya ikidai nywila ya akaunti usiyoijua, imekuwa na mwenyewe kabla yako. Usikubali kwamba fundi ataifungua.

Sasa ruhusa. Mtu mwenye hamu ya kuiona simu yake ikifanya kazi hubonyeza “Ruhusu” kila inapotokea, na hapa ndipo tunapoona madhara makubwa kuliko ya betri. Ramani inahitaji kujua ulipo, na kamera inahitaji kamera. Tochi haina haja na orodha ya watu unaowasiliana nao. Programu ya mkopo inayoitaka orodha hiyo huenda inatafuta watu wa kuwadai na kuwaaibisha siku utakapochelewa: mkweo, mwajiri wako, jirani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo ya kidijitali bila leseni. Ruhusa iliyokwisha kutolewa huondolewa katika Mipangilio, ila majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi. Ni heri kukataa kwanza. Programu inayoihitaji ruhusa kweli itaiomba tena.

Na simu ya zamani? Wengi humpa mtoto, au humwachia muuzaji kama sehemu ya malipo. Kabla haijatoka mkononi, toa laini, ondoa akaunti zako, kisha irejeshe katika hali ya kiwandani. Kufuta picha pekee hakutoshi. Ujumbe wa miamala, barua pepe na programu ya benki hubaki humo, na anayezipata anaweza kujaribu kubadili namba zako za siri. Kama kioo kimepasuka na simu haiwaki, usiiuze kama chuma chakavu kabla hujabadili nywila zako zote ukitumia simu mpya.