Sumu ya nyoka ilivyozaa dawa ya presha

Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli jijini Nairobi, umepokea wageni wengi kutoka mashambani. Je, kuhamia mjini kunaweza kupandisha presha? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1990 uliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka magharibi mwa Kenya. Presha yao ilipanda katika miezi ya kwanza. Mkojo wao pia ulikuwa na sodiamu, ile ya chumvi, nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu.

Ndani ya damu mna peptidi iitwayo angiotensini II. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi za amino, vijenzi vya protini. Huu una viungo 8 tu, lakini hukaza mishipa ya damu na kuyafanya mafigo yahifadhi chumvi na maji. Hapo presha hupanda. Hutokana na mnyororo wa viungo 10, ambao kimeng'enya fulani huukata viungo 2.

Njia ya kukizuia kimeng'enya hicho ilitokana na jararaca, nyoka wa Brazil ambaye sumu yake hushusha presha. Mwaka wa 1965 Sérgio Ferreira alieleza nguvu za peptidi za sumu hiyo. Baadaye moja yenye viungo 9, teprotaidi, ilitengenezwa katika maabara bila kumhitaji nyoka. Wagonjwa walipodungwa, presha ilishuka. Kasoro ni kwamba haikufaa kumezwa, kwani tumbo huzisaga peptidi kama linavyosaga nyama.

Ndipo watafiti wakaunda tembe ya kaptoprili, ambayo huziba kimeng'enya kilekile. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Enalaprili, ambayo huenda umeandikiwa na daktari, ni ya ukoo huo.

Ikiwa unazimeza, kumbuka haya. Zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Mwambie daktari akubadilishie. Midomo au uso ukivimba, acha kumeza na ukimbilie hospitali mara moja. Mama mjamzito asizitumie, kwani humdhuru mtoto tumboni.

Usiache dawa kwa sababu tu unajisikia vizuri. Presha huweza kuharibu moyo, figo na ubongo bila kutoa dalili yoyote. Punguza chumvi mezani, na upimwe hata kama huumwi.