Shokapu za pikapu: badili mwenyewe kabla ya msimu wa korosho

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kidogo bei za ufuta na mbaazi na kuingia chini ya gari. Sababu ni ya kibiashara. Wasomaji wetu wengi wa Masasi, Newala na Tandahimba wana gari moja tu, iwe pikapu ya tani moja, HiAce au Canter. Gari hilo likilala gereji siku mbili, biashara nayo imelala siku mbili. Oktoba minada ya korosho inapoanza, hakuna mwenye gari anayetaka kusikia neno gereji.

Maoni yetu ni haya: mwenye gari lenye springi za majani anaweza kubadili shokapu za nyuma mwenyewe kwa asubuhi moja, akiwa na spana nne au tano. Faida yake kubwa haiko kwenye ujira wa fundi. Iko kwenye siku za kazi anazookoa na kwenye kujua amenunua nini.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayokula shokapu. Njia ya Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Tandahimba na Newala ina kilometa 210. Kilometa 50 za Mtwara hadi Mnivata zilitangulia kupata lami. Kilometa 160 zilizobaki zikaingia katika ujenzi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na aliyepita kwenye michepuko ya ujenzi hahitaji kuhadithiwa. Ongeza barabara za vijijini zinazoelekea maghala ya vyama vya msingi, ambako udongo hukunjamana kama bati la paa. Halafu kuna mteremko wenyewe. Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini. Mfanyabiashara hupanda na saruji na kushuka na mazao, kwa hiyo gari lina mzigo njia zote mbili.

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kushuka kutoka Newala ndani ya pikapu ya jamaa yake iliyojaa magunia. Kwenye kona moja yenye mikunjo, nyuma ya gari ilianza kurukaruka na kusogea pembeni yenyewe, ingawa mwendo haukuwa wa kutisha na breki zilikuwa nzima. Tulisimama. Springi zilikuwa mpya, zimeongezwa jani mwezi uliopita. Shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta na kushika vumbi jekundu kama andazi. Jamaa alishangaa, akasema, "Lakini nimeshaongeza springi!"

Hapo ndipo penye kosa la wengi. Shokapu haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya kugonga shimo. Ndani yake ni bomba lenye mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gari likiruka, pistoni inalazimika kupita katika mafuta, mafuta yanajipenyeza kwa shida kwenye matundu, na nguvu ya mruko inageuka joto. Mafuta yakivuja au vali zikichakaa, pistoni inapita bure. Tairi linaanza kudunda, na tairi lililo hewani halishiki barabara, halikati kona wala halisimami kwa breki.

Kwa hiyo gari likilala nyuma kwa mzigo, dawa ni springi au kupunguza mzigo. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja kamili. Anayepakia mifuko 30 kwenye pikapu ya tani moja asiilaumu shokapu. Na aliyeongeza jani la springi akumbuke kwamba gari limeinuka, hivyo shokapu ya urefu ule wa zamani huenda sasa inavutwa hadi mwisho kila gurudumu linaposhuka shimoni. Itang'oka kabla ya wakati wake.

Namna ya kuijua iliyokufa ni rahisi. Wengi hubonyeza bodi kwa mikono na kuiachia. Ikipanda na kutulia ni nzima, ikiendelea kunesa imechoka. Kwa gari la mizigo kipimo hicho hakitoshi kwa sababu springi ni ngumu na mtu hawezi kuinesesha. Kilicho bora ni hiki: endesha kilometa kumi hivi kwenye barabara mbovu, simama, kisha gusa kila shokapu kwa tahadhari, maana inaweza kuunguza. Inayofanya kazi itakuwa na joto, na ile iliyo baridi wakati mwenzake ana joto haifanyi kazi. Angalia pia tairi. Likiwa limelika viraka viraka, hapa bonde na pale kilima, shokapu ya upande huo ni mshukiwa wa kwanza. Unyevu mwembamba wa mafuta karibu na sili usikutishe, lakini mafuta yanayotiririka hadi chini ya bomba yamekwisha kutoa hukumu.

Sasa hesabu. Tuseme gari linakuingizia shilingi 80,000 kwa siku baada ya dizeli na dereva. Tuseme pia fundi anatoza 15,000 kwa kila shokapu, yaani 30,000 kwa mbili za nyuma. Wengi hutazama hiyo 30,000 peke yake. Lakini gari likipelekwa Jumatatu, likasubiri foleni, kisha likasubiri kipuri kije na basi kutoka Dar es Salaam, limekaa siku mbili na umepoteza 160,000. Ukiagiza kipuri kwanza gari likiwa linatembea, ukafanya kazi Jumapili asubuhi, hasara hiyo haipo. Weka tarakimu zako mwenyewe na uone. Upande wa pili nao usifichwe: kama huna spana na itabidi ununue seti nzima kwa kazi ya mara moja, fundi ni nafuu. Majirani watatu wenye magari wakichanga seti moja, hesabu inageuka tena.

Ununuzi ndio mahali pa kutumia macho. Fungua shokapu ya zamani kwanza au angalau ipime, urefu ikiwa imevutwa na ikiwa imebonyezwa, tazama kama juu ina msumari wenye nati au jicho la bushi, na uandike namba ya chesisi. Muuzaji wa Gerezani anayekuuliza "Hilux ya mwaka gani?" anajua kazi yake. Anayekupa bila kuuliza ana haraka ya pesa. Majina kama KYB, Monroe na Gabriel yanajulikana, na kwa sababu yanajulikana ndiyo yanayoigwa. Mwandishi aliwahi kuuziwa na duka moja jozi iliyo ndani ya boksi jipya, ambayo rangi yake ilipokwaruzwa kwa ukucha ilionyesha kutu chini yake. Zilikuwa za mtumba, zimepigwa rangi.

Tangu siku hiyo kila shokapu huivuta na kuibonyeza dukani kabla ya kulipa. Nzima huwa nzito mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake, na kwa kawaida kuivuta ni kugumu kuliko kuibonyeza. Ikiwa kuna sehemu inakimbia bure katikati, rudisha. Rodi lazima iwe laini na ya kung'aa, bila mkwaruzo. Dai risiti ya mashine ya EFD. Bila risiti huna cha kuonyesha dukani, wala kwa Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia. Na nunua mbili kwa ekseli moja. Mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulifanya gari livute kombo kwenye mashimo.

Uzuri wa pikapu ya springi za majani na wa Canter ni kwamba shokapu ya nyuma hutoka bila kuinua gari. Matairi yakiwa chini, ekseli imetulia juu ya springi na haiendi popote. Hapo hatari kubwa ya kazi hii, gari kumwangukia mtu, imeondoka. Chagua mahali tambarare, weka gia, vuta hendibreki, kinga matairi ya mbele kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Kama nafasi ya kulala chini haitoshi, inua kwa jeki lakini uliweke gari juu ya stendi za chuma au magogo mapana chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, na usitumie tofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Jioni ya Jumamosi sugua nati zote kwa brashi ya waya na uzipake mafuta ya kulegeza kutu, au dizeli kama huna. Zikilala hivyo usiku mmoja, asubuhi kazi ni nusu. Tumia spana ya pete, maana ya mdomo huila nati. Msumari wa juu ukizunguka pamoja na nati, ushike kwenye sehemu bapa iliyo kwenye ncha yake. Nati ikigoma kabisa, ikate kwa msumeno wa chuma. Usipashe moto. Shokapu nyingi za siku hizi zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na bomba la mafuta na gesi likipata moto wa kuchomelea linaweza kulipuka usoni mwako.

Ile mpya, kama ni ya mabomba mawili, isimamishe kama itakavyokaa garini, ivute hadi juu na uibonyeze hadi chini mara nne au tano. Ililala ghalani, hewa imeingia mahali pasipo pake, na ukiifunga bila kufanya hivyo utasikia inagonga siku ya kwanza na utadhani umeibiwa. Funga juu kwanza, kisha chini. Ya gesi huja imefungwa kamba. Usiikate kamba kabla ya juu kushika, na ukae pembeni kwa sababu itajifungua yenyewe kwa nguvu. Usiishike rodi kwa koleo hata kidogo. Mkwaruzo mmoja utakata sili, na baada ya miezi michache mafuta yatakuwa nje.

Raba za juu kaza hadi zivimbe kufikia upana wa washa, basi. Ukizidisha zinapasuka. Bolti za jicho la bushi zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia, bushi inakuwa imesokotwa siku zote na italika upesi. Hili hata baadhi ya mafundi hulisahau, na ndiyo maana wateja hurudi na mlio wa kwikwi baada ya wiki tatu.

Kuna kazi ambazo ukurasa huu unakushauri umwachie fundi. Magari madogo kama Probox, na Hilux za kuanzia 2005, mbele yana springi ya mviringo iliyobanwa pamoja na shokapu. Springi hiyo imeshikilia nguvu ya kuua mtu, na haifunguliwi bila kibanio chake maalumu. HiAce mbele haina springi ya namna hiyo, lakini mkono wa chini lazima uungwe mkono kwa jeki kabla ya kufungua. Kama hujawahi, mtazame anayejua mara moja. Na ukikuta kishikio cha shokapu kwenye chesisi kimepasuka, hiyo ni kazi ya kuchomelea kwanza.

Neno kwa wanaonunua gari la mtumba kama mtaji. Kabla ya kutaja bei, lala chini ulitazame. Shokapu nne zilizokufa, tairi zilizolika viraka na bushi zilizokwisha zinaeleza njia gari lilizopita na mizigo liliyobebeshwa, hata kama rangi inang'aa. Zinakupa pia hoja ya kupunguziwa bei. Chukua bei ya vipuri vyote hivyo na uiweke mezani kwa muuzaji.

Ukishafunga, tembea kilometa 100 hivi, kisha urudi na spana ukaze tena nati zote, maana raba mpya hujikalisha. Kwenye mikunjo mirefu pumzisha gari kila baada ya muda. Mafuta yakipata joto sana hufanya povu, na hata shokapu mpya hulegea hadi ipoe. Zile za zamani usiziuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu zikiwa nzima kwa sura. Piga rodi nyundo hadi ipinde, bila kugusa bomba, ndipo umpe. Vinginevyo mwakani unaweza kuziona tena dukani, ndani ya boksi jipya.