Filta Haitengenezi Kivuli

Picha ya 3D ya nyumba hugundulika kuwa ni ya kompyuta pale mwanga unapopingana na vitu vilivyomo. Ndiyo maana swali linaloulizwa kila kukicha, kwamba iwekewe filta gani ionekane imepigwa na kamera, limekosewa tangu mwanzo.

Filta inayosifiwa kupita zote ni ile ya kuongeza ukali na kukoleza rangi kwa mpigo mmoja. Inachofanya ni kutafuta mahali giza linapokutana na mwanga, kisha kuuzidishia kila upande kile ulichonacho. Picha ikikuzwa kwenye ukingo wa paa la bati, uzi mweupe unaonekana umefuata paa lote, kana kwamba nyumba imekatwa kwa mkasi na kubandikwa angani. Nyasi zinageuka kijani kisichoota popote. Ukuta mweupe unakuwa doa tupu: katika JPEG kila rangi ina ngazi 256 tu, na sehemu iliyokwisha kufika juu kabisa haina tena alama ya plasta ya kurudisha. Wapo wanaomalizia kwa kuweka mng'ao wa jua kwenye lenzi ilhali jua liko nyuma ya kamera. Hapo hata mteja asiyewahi kushika kompyuta anacheka.

Kinacholishawishi jicho ni kivuli. Jua lina upana wa kama nusu digrii angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kadiri unavyokuwa mbali na kitu kinachokitupa. Jua likiwa karibu utosini, paa lililo mita 3 juu ya sakafu hutupa kivuli chenye ukingo uliofifia kwa takriban sentimita 3. Chini ya mguu wa kiti ukingo huwa mkali na giza zito. Mtu aliyebandikwa kwenye picha bila giza hilo la nyayoni anaelea. Tena kivuli cha nje mchana hakipakwi weusi mtupu; kinapata mwanga wa anga, hivyo huwa na ubuluu kidogo.

Mwelekeo nao hausameheki. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua hukaa upande wa kaskazini kutwa nzima, na adhuhuri huwa kwenye kimo cha digrii 60 hivi. Ukuta unaotazama kusini haupigwi na jua mwezi huo, hata mchoraji angetamani vipi. Na mtu aliyepigwa picha Ulaya jioni, kivuli chake kirefu kikiwa bado miguuni, hana nafasi katika picha ya adhuhuri ya Dar.

Mengine ni ya haraka. Picha itolewe kwa biti 16, vivuli na miakisi ikiwa kwenye tabaka zake. Kamera ikiwa usawa wa macho kwenye ardhi tambarare, macho ya watu wazima waliosimama, wa karibu na wa mbali, yakae kwenye mstari wa upeo. Weupe wa kuta upunguzwe, miti ya mbali ififishwe, michirizi ya maji iwekwe chini ya madirisha na matope mekundu kwenye msingi. Picha ambayo jua lake liliwekwa pasipo mahali pake haiponi kwa kuhaririwa. Inarudishwa kwenye programu ya 3D na kutolewa upya.